Nafasi Moja kwa Wadi

Ujumbe uliingia kwenye simu zote mbili karibu kwa pamoja, saa nne asubuhi, mama akikaanga chapati na binti akiosha vikombe. Kibanda chao kiko Nchiru, kwenye njia ya hosteli, na saa hizo wateja huwa wachache kwa sababu wanafunzi wako darasani, au wamelala na kusema wako darasani. Lenah alijipangusa unga kwenye leso, akasoma, akasoma tena. Halafu akaketi kwenye kreti ya soda bila kuangalia kama ilikuwa na chupa.

"Sabini na moja," alisema. "Gladwell, nimepata sabini na moja!"

Gladwell alikuwa amempa mgongo. Simu yake ilisema hamsini na nane.

"Na wewe?" mama aliuliza. "Sema basi. Wewe umepata ngapi?"

"Sitini na tisa."

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Namba ilitoka yenyewe, na ikishatoka haikuweza kurudi. Hata angepanga asingeweza kuchagua vizuri zaidi, maana sitini na tisa ni ya mtoto aliyemkaribia mama yake, na hamsini na nane ni ya mtoto aliyeachwa. Lenah alimkumbatia na mikono yake ya unga, akamchafua mgongo mzima, akilia kwa furaha ya watu wawili. Gladwell alisimama tu kama mlingoti.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa chuo kikuu kimoja cha binafsi cha mjini Meru. Kilitangaza ufadhili wa wanafunzi bora: karo ya miaka minne, chumba, chakula na vitabu, kwa mtu mmoja tu kutoka kila wadi. Ukiwa umefanya mtihani wa kidato cha nne mwaka uliopita na hukupata chini ya B-, unakuja, unapimwa upya, anayeongoza anachukua. Umri hawakuuliza. Kwa hiyo Lenah, mwenye miaka thelathini na saba, aliyeacha shule kidato cha pili akiwa na mimba ya huyo huyo Gladwell, na aliyerudi kuufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kibinafsi, aliketi chumba kimoja na binti yake, madawati matatu nyuma yake.

Na kabla ya hapo mambo yalikuwa yamekaa vizuri, kila mtu mahali pake. Mwezi wa kwanza, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, kanisa lilisoma watahiniwa mbele ya waumini, jina na gredi, kama linavyofanya kila mwaka. Kuanzia B kwenda juu unapewa blanketi. Chini ya hapo unapewa beseni. Gladwell alisomwa B+, akapigiwa vigelegele, akabeba blanketi la maua mekundu. Lenah alisomwa mwisho kabisa, B-, akapewa beseni, na mchungaji akashindwa kujizuia.

"Bwana asifiwe! Sasa mama ana beseni la kumfulia binti blanketi!"

Kanisa zima lilicheka. Lenah alicheka nao, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani alimwonea binti yake wivu, wivu wa kweli uliomtoa machozi, na aliuonea aibu sana. Alisema ni vumbi. Ilikuwa siku ya mvua.

Sasa mambo yalikuwa yamegeuka, na wivu ulikuwa umehamia upande wa pili.

*

Kinyua, mume wa Lenah, alisikia habari kwenye mjengo. Yeye ni fundi wa mawe. Hosteli tatu za Nchiru zimepita mikononi mwake, na bado hajawahi kulala katika nyumba yenye ghorofa. Mafundi wenzake walimpigia makofi, kisha mmoja akamwambia ajiandae, mke akienda chuo hurudi akiwa madam, anakuuliza kama umenawa. Walicheka. Kinyua naye alicheka, akapiga jiwe nyundo moja ambayo halikuhitaji.

Jumapili baada ya chakula cha mchana aliisukuma sahani mbele.

"Mama Gladwell, hebu tuongee hii maneno ya chuo. Orodha ya walioshinda imebandikwa kwa chifu. Jina ni lako."

"Nimeiona. Wamesema nipeleke jibu kufikia Ijumaa."

"Jibu gani?"

"La kukubali. Kuna lingine?"

Kinyua alimtazama binti yake, na binti alitazama meza.

"Wewe ni mtu mzima," Kinyua alisema. "Uko na kibanda, uko na bwana. Huyu ndiye hana kitu. Karo ya kumpeleka mimi sina, unajua. Hata huo mkopo wa serikali haumalizi. Mtoto amekosa kwa alama mbili, mbili tu, na aliyemnyima ni mama yake. Watu wataniuliza nini?"

"Sikumnyima. Tulifanya mtihani mmoja, Baba Gladwell. Mimi pia nilisoma."

"Ulisoma na vitabu vya nani?"

 Vitabu vilikuwa vya Gladwell. Kwa miaka miwili alikuwa akisoma madaftari ya binti yake kibandani, kati ya chapati na chapati, na kurasa zikabaki na mafuta. Gladwell alikuwa akilalamika kwamba mwalimu wa kemia humwuliza kama anasomea jikoni.

"Lakini alama ni zangu," Lenah alisema polepole.

"Hakuna anayekataa. Nimesema tu uwe mzazi."

Ukweli ambao Kinyua hakuusema, na labda hakuujua vizuri, ni kwamba angeweza kumwona binti yake na kofia ya mahafali na akalia kwa fahari. Mke wake na kofia hiyo hiyo hakuweza kuvumilia kumfikiria. Yeye mwenyewe aliishia darasa la nane.

*

Chama cha kina Lenah kina wanawake kumi na wanne, na kila mmoja ana zamu yake ya kupokea mchango. Zamu inaweza kupeanwa. Mwaka jana Lenah mwenyewe alimpa zamu yake mwenzao aliyefiwa: katibu akaandika barua, mwekahazina akatia sahihi, ikawa imeisha. Hata namba ya kupeleka maziwa kwenye ushirika hupeanwa hivyo, mama kwa mtoto, na hakuna anayeuliza. Kwa hiyo jioni ya Jumapili hiyo hiyo jambo la Lenah lilipozuka, hapakuwa na mtu mle ndani aliyeliona kuwa gumu.

Aliyelizua ni katibu, Mama Mutuma, mke wa Mwalimu Mwirigi. Mtoto wake alifanya mtihani ule ule na kupata sitini na sita. Aliposikia kwamba nyumba moja, tena ya fundi na mpika chapati, imetoa sabini na moja na sitini na tisa, alijifungia chumbani saa nzima. Alijua Mutuma amekwisha, maana nafasi ni moja na walio mbele yake ni wawili. Alichotaka sasa ni asimwone Lenah akipita na begi.

"Mimi nitasema tu kwa sababu nakupenda, Mama Gladwell," alisema, sauti yake laini kama ya kuomba chumvi. "Mama mzima kushindana na mtoto wa tumbo lake, si vizuri. Hiyo ni zamu. Mpee mtoto zamu."

"Ehe," wengine walisema. "Mpee."

"Ungekuwa ni wewe, ungempa Mutuma?" Lenah aliuliza.

"Ai! Saa hiyo hiyo. Hata singengoja uniulize."

Mwanamke mmoja alimgusa Lenah bega, akamwambia watamshonea nguo ya kwenda kumpeleka Gladwell chuoni, na wote wataenda. Lenah aliwatazama mmoja mmoja. Ni wao waliomchangia dawa alipolazwa, na ni wao waliomcheka alipoonekana akipanga foleni ya kujiandikisha mtihani na watoto ambao angeweza kuwazaa. Alitaka mmoja, hata mmoja tu, aseme, "Nenda, Lenah." Hakuna aliyesema. Barua iliandikwa pale pale, na karatasi ikawekwa muhuri wa chama.

*

Bado angekataa. Alirudi kibandani Jumatatu akiwa ameamua kukataa kuitoa nafasi. Barua ameikunja ndani ya pakiti ya unga, na amekwisha hata kuuliza bei ya begi lenye magurudumu. Miaka kumi na moja amewauzia wanafunzi chapati, wakimwita Mum, wakimkopa, wakizungumza Kizungu juu ya kichwa chake. Msichana mmoja aliwahi kumwambia mwenzake kwa Kizungu kwamba huyu mama ni mzuri ila ananuka mafuta. Lenah alielewa kila neno. Alimrudishia chenji sawasawa, na wiki iliyofuata akaanza kuuliza fomu za mtihani zinapatikana wapi.

Lakini Gladwell alikuwa ameiona bei ya begi kwenye simu ya mama.

"Kwa hivyo unaenda," alisema.

"Naenda. Tutatafuta njia yako, mwari wangu. Kuna mkopo, kuna basari ya wadi..."

"Ya wadi hupewa watoto wa wenyewe, Mum. Unajua." Gladwell alikuwa akikata kabichi, na alikata haraka mno. "Maisha yangu yote nimeambiwa uliacha shule sababu yangu. Cucu, mama yako, anasema, shangazi wanasema, hata mchungaji alisema mbele ya watu. Ati nisome kwa bidii, nisome ya watu wawili. Nimesoma. Nimepata B+. Nikadhani sasa nimelipa. Halafu unakuja kuketi nyuma yangu."

"Sikuketi nyuma yako. Walipanga kwa majina."

"Wenzangu walikuwa wanacheka! Ulinyoosha mkono kuuliza karatasi ingine, ukaniita mbele ya msimamizi, 'Gladi, uko na rula?' Siku ile sikuweza kuandika. Nilikuwa nakusikia ukiandika. Kila saa nakusikia ukigeuza ukurasa."

"Lakini ulipata sitini na tisa," mama alisema, kwa upole kabisa.

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya kusema. Gladwell aliiona ikipita mbele yake, wazi, na kisu kikiwa mkononi. Alimtazama mama yake, mikono hadi viwiko kwenye unga, uso uking'aa kwa jasho na kwa jambo jingine ambalo halikuwa jasho. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwona akiwa mrembo hivyo. Alimchukia.

"Ningepata themanini kama haungekuwa hapo," alisema. "Uliniharibia mara ya kwanza ukinizaa, sasa unaniharibia tena. Enda tu. Lakini usirudi hapa ukiniita msichana wako."

Aliacha kabichi nusu, akaondoka. Lenah alikaanga chapati sita zaidi, zikaungua zote sita. Halafu akaitoa ile barua kwenye pakiti, akaikung'uta unga.

*

Ofisi ya ufadhili ilikuwa orofa ya pili. Kinyua alivaa koti lake la harusi, akabeba barua ndani ya mfuko wa plastiki isije ikachafuka. Walikaa kwenye viti vya chuma pamoja na wazazi waliokuja kukubali, wazazi waliopigapiga picha kando ya ukuta na kuulizana wanatoka wapi.

"Nyinyi mtoto wenu anafanya kozi gani?" mzee mmoja alimwuliza Lenah.

"Elimu," Lenah alijibu. Ilikuwa kozi aliyoijaza yeye.

Afisa alikuwa kijana mwenye miwani na adabu nyingi. Aliisoma barua yenye muhuri wa chama, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Hii imeandikwa kwamba unampatia mtu nafasi."

"Binti yangu. Tumekubaliana nyumbani, na chama kimeshuhudia."

"Mama, hapa hakuna kupeana. Iko kukubali, iko kukataa. Ukikataa, nafasi inaenda kwa anayefuata kwa orodha ya wadi yenu."

"Ndiyo hiyo hiyo," Kinyua alisema. "Tunasema kitu kimoja."

"Si kitu kimoja, mzee." Kijana alivua miwani. "Mimi siruhusiwi kusoma majina ya orodha kabla nafasi haijafunguliwa. Nakuomba tu mama, uende ufikirie. Una mpaka Ijumaa. Huwezi jua anayefuata ni nani."

Lenah aliguswa kidogo, inafaa isemwe. Kulikuwa na kitu katika sauti ya yule kijana. Lakini alikuwa amechoka kupendwa na watu wanaotaka asiende, na kama angerudi nyumbani bila kumaliza alijua angekubali nafasi, na kama angekubali nafasi hangekuwa na mtoto. Aliomba kalamu.

"Anayefuata namjua," alisema. "Nimemzaa."

Alitia sahihi fomu ya kukataa. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa herufi za kuegemeana, na kijana aliutazama kwa muda kabla ya kugonga muhuri. Kwenye ngazi Kinyua alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya mbele ya watu kwa miaka mingi. Akamnunulia soda.

*

Wiki nzima Gladwell hakuachana na simu. Nyumbani walidhani anangojea kwa furaha. Alikuwa akingoja kwa hofu, na ndani ya hofu kulikuwa na tumaini la kijinga: pengine wengine wote walipata hamsini, pengine wadi yao ilikuwa na wajinga watupu. Lenah alimsikia akiamka mapema, akamwonea huruma, na wivu kidogo pia. Alikuwa ameshamfulia lile blanketi, akalikunja kwa safari.

Siku ya Alhamisi, saa tisa alasiri, kelele zilitoka kwa Mwalimu Mwirigi. Mama Mutuma alikuja mbio kwa kibanda, kiatu kimoja kimefunguka, akamkumbatia Lenah kabla ya kukumbuka anamkumbatia nani.

"Wamempigia Mutuma! Wamesema alikuwa namba mbili! Namba mbili, Mama Gladwell, na sisi tulikuwa tumekata tamaa..." Halafu akasimama. Alimtazama Gladwell, akamtazama Lenah, na furaha ikamwishia usoni kidogo kidogo. "Lakini si Gladwell alipata sitini na tisa?"

 Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akila alilipa chakula chake, akaondoka bila kungoja chenji.

Lenah alipiga simu ofisini. Yule kijana alimkumbuka. Alisema fomu ilishaingia, nafasi ilishakubaliwa upande ule mwingine, na kwamba anasikitika sana, mama, anasikitika kwa kweli. Lenah alimshukuru. Hakumuuliza kijana huyo namba ya Gladwell, na alipofika nyumbani hakumuuliza Gladwell chochote. Kinyua ndiye aliyeuliza, kwa sauti iliyosikika kwa majirani, na alipopata jibu alitoka nje akakaa kwenye rundo la mawe yake. Aliitwa kula. Hakuja.

*

Maombi ya shukrani ya Mutuma yalifanyika Jumamosi mbili baadaye. Wanawake wa chama hupikiana kwenye sherehe. Huwezi kukataa, labda uwe mgonjwa, na ugonjwa wenyewe huja kuangaliwa. Mama Mutuma alileta ombi macho yakiwa chini. Wali ulipewa mwingine, nyama ikapewa mwingine. Chapati mia mbili zikawa za Lenah, kwa sababu hakuna aliye na mkono kama wake.

Walianza asubuhi nyuma ya nyumba ya mwalimu, mama kwenye moto, binti kwenye ubao. Hema lilikuwa limesimamishwa upande wa mbele na watu wa vipaza sauti walikuwa wakijaribu mitambo. Mutuma alipita mara moja akiwa na suti mpya, akawaona, akasalimia kwa aibu na kupitia njia nyingine. Hakuwa na kosa lolote, na hilo lilifanya mambo kuwa mabaya zaidi, maana hapakuwa na mtu wa kumkasirikia.

Walipofikisha chapati sitini, Gladwell alisema bila kuinua kichwa:

"Ilikuwa hamsini na nane."

"Nimesikia. Ulimwambia baba yako."

"Wewe hujaniuliza kwa nini."

"Uliogopa kuonekana umeshindwa."

"Hapana." Gladwell alikuwa akisukuma donge lile lile, likawa jembamba hadi ubao ukaonekana. "Siku ya kwanza ndiyo. Lakini siku ile ya kabichi sikuwa naogopa. Nilijua siwezi kupata, Mum. Hata ningekuwa wa pili ningeshangaa. Nilitaka tu wewe usiende."

Mbele ya nyumba mtu alihesabu moja, mbili, tatu kwenye kipaza sauti. Lenah aligeuza chapati kwa vidole, kama anavyofanya siku zote, ila safari hii aliuacha mkono juu ya chuma kwa muda kidogo zaidi.

"Ulitaka nani aende?"

"Mtu yeyote. Sikufikiria. Mtu yeyote asiye wewe."

Lenah aliitoa chapati, akaipanga juu ya nyingine, akazifunika na kitambaa.

"Basi umepata," alisema.

Gladwell alianza kulia, na machozi yakaingia kwenye unga. Mama yake hakumkumbatia, na pia hakumfukuza. Alinyoosha mkono, akalichukua lile donge lililoharibika, akalikunja upya kuwa mviringo na kulirudisha ubaoni mbele ya binti. Zilikuwa zimebaki mia moja na thelathini na tisa.